Mkono wa Shati la Mhubiri

Kichwa cha kwanza nilichokivuruga kilikuwa changu mwenyewe. Hiyo ndiyo desturi ya maabara niliyofanyia kazi, katika mji wa Ulaya wenye baridi ambao sina haja ya kuutaja: hakuna anayeruhusiwa kuweka ile mashine kichwani pa mwenzake kabla hajakaa kitini akawekewa yeye. Mwalimu wangu, mama mfupi mwenye sauti ndogo, alinivalisha kofia ya kitambaa, akapima kwa utepe juu ya sikio la kushoto, akatia alama kwa kalamu, kisha akashikiza hapo kipande cha plastiki chenye waya uliozungushwa ndani yake kwa umbo la namba nane. Masikioni nilikuwa na visikilizio. Sauti ya mtu ilisema sentensi fupi katikati ya makelele, na kazi yangu ilikuwa kubonyeza kitufe nikishaelewa. Mashine ikalia tiki. Ngozi ya kichwa ikaruka kidogo, ungesema nimedonolewa na kifaranga.

Watu nikiwasimulia hapo hungoja niseme kwamba maneno yote yalinipotea. Hapana. Yalikuja, ila yalichelewa, na moja au mawili nikayakosea. Kuchelewa kwenyewe kulikuwa kipande cha sekunde. Nisingegundua kama kompyuta isingerekodi. Waya ule ukipitishiwa umeme hugeuka sumaku, na sumaku ile inasumbua sehemu ndogo ya ubongo kwa muda mfupi sana, basi. Ukiona mtu amechelewa kuelewa, unajua pale ulipomgusa pana kazi katika kuelewa. Ukiona hakuchelewa, unasogea upana wa kidole na kuanza upya. Siku nzima, mtu baada ya mtu, tulikuwa tunatafuta mahali ambapo sauti inageuka kuwa maana. Niliipenda kazi hiyo na bado naipenda, ingawa imenitia aibu ambayo nitaieleza.

Siku hiyohiyo nilimpigia simu baba, kwetu Uvira, mji wa kando ya ziwa. Nilikuwa najivuna, siwezi kuficha. Nilitaka asikie kwamba bintiye sasa anafungua vichwa vya watu bila kisu.

“Weye mama,” aliniambia, maana alizoea kuniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, “iko unazima akili ya bantu?”

Nikamweleza kwamba si kuzima akili za watu, ni kuchelewesha tu, kwamba hakuna anayeumia na kila mmoja anatia sahihi kwanza. Nilisikia pikipiki zikipita nyuma yake, na mama akimuuliza nani huyo.

“Sasa kama munajua kuzima,” akasema, “munajua na kuwasha?”

Nilicheka. Nikamjibu kwamba bado, labda siku moja. Nilijibu kwa wepesi wa mtu anayedhani ana muda.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi siku za kazi, lakini mtaani kwetu Mulongwe hakuna aliyemjua kwa chaki. Alijulikana kwa Jumapili. Alikuwa mtafsiri wa kanisa. Mhubiri akitoka Bukavu na Kifaransa chake, baba alisimama kulia kwake akakimimina kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Na mikutano ilipofanyika Nyakabere au Luvungi, ambako wazee wanataka kusikia neno kwa lugha ya nyumbani, alikigeuza Kiswahili kuwa Kifuliiru. Alisimama ameinamisha kichwa, jicho kwenye kinywa cha mhubiri, midomo yake ikitembea bila sauti. Alikuwa anasema tayari kabla hajasema.

Hiyo midomo niliikumbuka baadaye maabara. Tulikuwa tunabandika vipande vidogo mdomoni pa mtu, vya kunasa mshtuko wa misuli, kisha sumaku inawekwa mahali pa ubongo panapoamuru midomo. Mtu akisikiliza mwenzake akisema, hata kama amekaa kimya kabisa, mdomo wake unashtuka zaidi kuliko akisikiliza kelele tupu. Mwili wake unajiandaa kulisema lile analolisikia. Nilimpigia baba kumpa habari hiyo nikiwa na furaha ya mwanafunzi. Akasema tunamaliza umeme wa wazungu bure, kwa kitu ambacho kila mtafsiri anakijua.

Alinifundisha tangu nikiwa na miaka tisa. Jumamosi mchana tuliketi barazani, mimi nikimsomea sentensi za Kifaransa kutoka gazeti lililofungiwa sabuni, yeye akizitafsiri. Alikuwa na sheria zake. Usifungue kinywa kabla mwenzako hajafunga chake. Mtazame usoni, usimtazame mkononi. Na sheria ya mkono wa shati, ambayo waumini hawakuijua. Mtafsiri hawezi kusema mbele ya kanisa zima kwamba hajaelewa. Ni aibu yake na ni aibu ya mhubiri. Kwa hiyo kabla ya ibada baba alipatana na kila mhubiri: nikikuvuta mkono wa shati mara moja, umerefusha mno, kata. Nikikuvuta mara mbili, sijakamata, rudia. Na ukirudia, rudia vilevile, usibadilishe hata neno, maana ukibadilisha nitakuwa na sentensi mbili za kutafuta badala ya moja. Mhubiri alivutwa, akarudia, na waumini wakaitikia Amina kwa nguvu wakidhani neno limekaziwa. Mahubiri mengi yaliyosifiwa Uvira kwa kukazia neno yalikaziwa na vidole vya baba.

Mimi pia alinivuta. Magauni yangu ya utotoni yote yalilegea upindo wa mkono wa kushoto, na mama alikuwa akilalamika.

Kiharusi kilimpata asubuhi akifunga kamba za viatu aende shule. Mkono haukulegea, mdomo haukupinda, ndiyo sababu hakuna aliyefikiri ni kiharusi. Mama alisema alisimama, akaanza kuongea, na alichoongea hakikuwa kitu. Walimpeleka hospitali. Daktari akapima tansio, yaani shinikizo la damu, akakuta imepanda sana, akampa vidonge ambavyo mama amemmezesha kila asubuhi tangu siku hiyo bila kukosa. Kwa hilo sina la kumlaumu mtu. Baada ya wiki mbili alirudi nyumbani akitembea, akila, akinyoa ndevu mwenyewe. Na Jumapili ya kwanza alivaa koti lake akaenda kanisani, akaketi mbele, na mhubiri alipotua baada ya sentensi yake ya kwanza, baba akasimama na kumimina.

Mama ndiye aliyenisimulia kwa simu, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuitazamia. Kanisa letu linaamini kunena kwa lugha. Watu walimsikia baba akitiririka bila kukwama, kwa sauti yake ileile, na kupanda na kushuka kulekule, na wala hakuna neno hata moja lililojulikana, si la Kiswahili, si la Kifuliiru, si la Kifaransa. Mama mmoja wa chumba cha maombi akapiga magoti. Mtu aliyetumika miaka yote kama mdomo wa wengine, wakasema, Mungu amempa sasa lugha yake mwenyewe.

Nilimwomba mama amwekee baba simu sikioni. Akazungumza nami. Kulikuwa na swali mle, nilijua kwa jinsi sauti ilivyopanda, na kulikuwa na mahali alipocheka. Nilikaa chini kwenye sakafu ya korido ya maabara. Usemi wa namna ile nilikuwa nimeusikia darasani, kwenye kanda za wagonjwa: sehemu ya ubongo inayogeuza sauti kuwa maana imeumia, na mtu anasema kwa wepesi maneno ambayo si maneno, na yanayosemwa na wengine yanampita. Ni mahali palepale, juu na nyuma ya sikio la kushoto, nilipokuwa naweka sumaku kila siku nikichelewesha watu kwa kipande cha sekunde. Baba alikuwa amekaa upande ule wa pili wa kuchelewa, na hakuna aliyejua kama atavuka kurudi.

Nikamwambia mama kwamba si lugha za Roho, ni ugonjwa, kwamba baba haelewi tunachomwambia.

“Na daktari alisema hivyo,” akanijibu. “Lakini daktari hakukuwa kanisani.” Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: “Basi lete ile mashine yako.”

Ilibidi nimweleze kwamba mashine ni kabati zima lenye nyaya, haibebwi, na hata ingebebwa, yetu ni ya kuuliza, si ya kuponya. Kuna watu wanaojaribu kuitumia kwa kuponya, nikasema, mbali, taratibu, na hawajui bado inamfaa nani. Mama aliniuliza sasa miaka yote ile nilikuwa nasoma nini. Sikukasirika. Nilikuwa nimejiuliza hivyohivyo.

Makaratasi ya safari yalichukua miezi. Nilipofika hatimaye, nikavuka mpaka wa Kavimvira na kuingia mjini, ziwa lilikuwa limepanda na kukaa ndani ya nyumba za chini ambazo utotoni nilitumwa kununua mafuta. Nyumba yetu ilikuwa imesimama, ukuta wa upande wa mto ukiwa mpya. Walikuwa wengi langoni, majirani, wanakorali waimbao kanisani, wote wakisema kwa pamoja. Baba alinijia mikono wazi. Alikuwa amekonda shingoni. Alinikumbatia, akaniambia kitu kirefu chenye sauti ya mtu anayemkaribisha mtoto, nami nikamwambia kwa haraka, huku nalia, kwamba nimefika salama, kwamba pole, kwamba nilichelewa kwa sababu ya viza. Akanishika mkono wa blauzi akauvuta. Mara mbili. Nikaubusu mkono wake. Nilidhani ananishika nisimpotee tena.

Kesho yake nilianza kazi. Nasema kazi kwa sababu ndivyo nilivyoifanya. Nilikuwa nimekuja na daftari la picha: samaki, jembe, ufunguo, kikombe, picha nne kwenye kila ukurasa. Tuliketi barazani, pale pale pa Jumamosi zetu. “Baba, nionyeshe ufunguo.” Nilisema mara moja tu, kwa sauti moja, uso wangu ukiwa umeinamia daftari ili nisimsaidie kwa macho. Hiyo ndiyo sheria ya maabara: sentensi inasikika mara moja. Ukirudia umeharibu kipimo, huwezi tena kujua mtu alielewa kwa sababu gani. Baba alitazama ukurasa, akanitazama, akanivuta mkono wa blauzi. Nikatia alama ya kosa, nikafunua ukurasa mwingine. Akavuta tena. Nikampapasa vidole, nikatia alama ya kosa.

Niliandika pia, kwa mwandiko mzuri, kwamba midomo yake haitembei tena anaposikiliza. Ilikuwa imetulia kabisa. Hilo lilinihuzunisha kuliko makosa yote, kwa hiyo nililipigia mstari.

Mama alikuwa anachambua mchele mlangoni. Siku ya tatu aliweka ungo chini.

“Weye iko unamupa baba yako egzame?” akaniuliza.

Nikamwambia kwamba bila mtihani siwezi kujua kilichobaki wala pa kuanzia. Ilikuwa kweli. Mama akatazama daftari, safu ya alama nyekundu, yeye mke wa mwalimu anayejua alama nyekundu ni nini.

“Kanisani,” akasema, “hakuna mwenye kumupa zero.”

Neno hilo lilinichoma, nikaenda kuoga ili nisijibu vibaya. Nilikuwa na hasira na kanisa lile. Niliona wamemgeuza baba yangu kitu cha kutazamwa. Niliona mimi peke yangu nikimjali kwa ukweli, na hiyo ni hisia tamu sana, na nilikaa nayo hadi Jumapili.

Jumapili nilienda nimejiandaa kupinga. Mhubiri mgeni alitoka Bukavu, na mtafsiri mpya, mwalimu wa kike aliyefundishwa kazi na baba mwenyewe, alisimama kulia kwake. Baba alikuwa kiti cha kwanza, koti limepigwa pasi. Mgeni akasema sentensi yake. Mtafsiri akatafsiri. Na kabla sentensi ya pili haijaanza baba akasimama, akainua mkono wa kulia kama alivyozoea, akamimina ya kwake, na urefu wake ulikuwa sawasawa na urefu wa sentensi ya mhubiri, na akatua palepale panapotakiwa kutua. Watu wakaitikia Amina. Ilinibidi nikiri kwamba ilikuwa nzuri. Kama nisingejua chochote, ningepiga magoti na mimi.

Baada ya ibada wakapanga mstari. Mama alikuwa amenidokeza habari hiyo, lakini sikuwa nimeelewa. Waliita kuguswa. Wengine walikuwa wametoka Luvungi kwa pikipiki tangu asubuhi. Kila mmoja alifika mbele ya baba, akamwambia haja yake kwa sauti ya chini, baba akamgusa, naye akaitikia Amina na kuondoka akifuta machozi. Walisema mkono wake una baraka. Bibi mmoja alinihakikishia bega lake limepona.

Nilijipanga nione kwa karibu. Mbele yangu alikuwa mama mjane ambaye mwanawe alienda machimboni na hajapiga simu kwa muda mrefu. Alimweleza baba yote hayo, polepole, kwa uchungu. Baba aliinamisha kichwa, jicho kwenye kinywa chake. Alipomaliza, baba akanyoosha mkono, na sikuona kiganja kikiwekwa kichwani wala begani, kama wanavyobariki watu wa kwetu wote. Alishika upindo wa mkono wa nguo yake kwa kidole gumba na vidole viwili, akauvuta, haraka, mara mbili. Kisha akatega sikio.

Mjane akasema Amina, asante baba, akaondoka.

Niliona uso wa baba ukimfuata. Alikuwa bado ameinamisha kichwa, anangoja. Alikuwa amemwambia sijakamata, rudia, kwa namna pekee iliyobaki mwilini mwake, na alikuwa ameliambia kanisa zima hivyo, Jumapili baada ya Jumapili, mtu mmoja mmoja, na kila mmoja alimshukuru akaenda zake. Walikuja na haja zao wakamwachia, na hakuna hata mmoja aliyeisema mara ya pili.

Nililia nikiwa nimesimama pale. Mama alinishika kiuno, akiamini nimeguswa. Hasira yangu yote na wale watu iliisha hapo hapo, kwa sababu wao hakuna aliyewafundisha ishara ile. Mimi nilifundishwa nikiwa na miaka tisa. Alinivuta langoni nikabusu mkono. Alinivuta barazani, ukurasa baada ya ukurasa, na kila alipoomba nirudie nilimwandikia kosa.

Mchungaji wetu alikuwa nje, chini ya ukingo wa bati, anaagana na mgeni. Ni mtu aliyehubiri na baba tangu mimi sijazaliwa. Nikamngoja amalize, nikamuuliza zamani baba akimvuta mkono wa shati mara mbili, yeye mchungaji alikuwa anafanya nini.

“Nilikuwa narudilia,” akasema, na akaanza kutabasamu kwa kumbukumbu. Halafu tabasamu likasimama. Aliutazama mkono wake mwenyewe, upindo wa shati jeupe unaochungulia ndani ya koti.

“Na minye alinivuta,” akasema. “Kila Jumapili. Minye nikadhani mukono wake umepata kazi ingine.”

Aliketi kwenye benchi la wanakorali. Sikumwambia neno lolote kali. Hakukuwa na haja, na nani alikuwa na haki hiyo. Alisema atawaeleza waumini yeye mwenyewe, na Jumapili iliyofuata aliwaeleza kweli, akisimama bila mtafsiri. Wengine walikasirika, na bibi wa bega alisema bega lake bado ni zima na hakuna mchungaji wa kulirudisha nyuma. Lakini siku ile tulikaa tu pale benchini mpaka mama alipokuja na baba.

Nyumbani niliomba tusipokee wageni mchana huo. Mama hakupenda. Kwetu nyumba ya mgonjwa ikiwa kimya, majirani wanauliza saa ya mazishi. Lakini aliniona uso, akaenda akazima redio, akafunga mlango wa barabarani, akaketi na ungo wake. Nilivaa blauzi ya mikono mirefu. Nikasogeza viti viwili barazani hadi magoti yetu yakagusana, nikaliweka daftari chini ya kiti.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba najua hajui kinachomtokea, na kwamba kina jina. Kwamba swali lake la kuwasha nililicheka na sasa nimelibeba. Kwamba sikuleta mashine, na mashine yetu yote kule haiwezi kufanya hata nusu ya alichofanya yeye kwa vidole vitatu. Nikafikiri ni lipi kati ya hayo ambalo mtu anahitaji kwanza, mtu ambaye miezi yote hiyo watu wanakuja na kuondoka mbele yake vinywa vikifunguka. Nikachagua lile ambalo langoni nilimmwagia pamoja na viza na machozi, kwamba mimi nimefika.

“Baba, minye nimerudi.”

Alinitazama kinywani. Akauvuta mkono wa blauzi, mara mbili.

“Baba, minye nimerudi.”

Akavuta. Nikarudia. Sikubadilisha neno, sikuongeza sauti, sikutumia mkono. Nilirudia kwa mwendo uleule, uso wangu ukiwa wazi mbele yake. Akavuta, nikarudia. Mimi niliyezoea kuhesabu kila kitu sikuhesabu. Jua lilihama kutoka miguuni petu hadi ukutani. Kuna mahali nilikata tamaa kabisa, nikasikia sauti yangu inasema yale maneno nayo hayana maana hata kwangu, nikaogopa kwamba nitafanya hivi hadi atakapochoka, na kwamba kuchoka kwake ndiko nitakakojidanganya ni kuelewa. Akavuta. Nikarudia.

Midomo yake ikagusana.

Ilikuwa kwenye “Baba”, na nikadhani ni bahati. Nikarudia, ikagusana tena, ikaachana, na nilipofika katikati ya “nimerudi” ikafungwa pamoja na yangu. Bila sauti. Nikarudia, na safari hii ilitembea tangu mwanzo hadi mwisho, ikichelewa kidogo nyuma ya yangu, na mtu wa maabara angeweza kuupima ucheleweshaji huo, nami sikuupima.

Hakuvuta tena. Aliachia mkono wa blauzi, vidole vikabaki hewani, kisha akafanya anachofanya mtafsiri akishakamata: akageuka kwa watu. Watu walikuwa mama peke yake, ameshika ungo. Baba akainua mkono wa kulia, akammiminia sentensi fupi, ya urefu wa ile yangu, isiyo na neno hata moja ninalolijua.

Mama alifungua kinywa aitikie Amina. Nikaona alivyoimeza. Aliweka ungo chini, akasogea hadi mbele ya baba, akamtazama usoni.

“Nimesikia, baba,” akamwambia. “Mutoto amerudi.”